Kutoka Kwenye Sinia Hadi Mdomoni

Mkono wangu wa kuume ulikuwa mzima kuanzia kiwiko kwenda chini. Jambo hili niliwaeleza watu kwa karibu miaka miwili, na sidhani kama hata watano walinielewa. Vidole vilifunga na kufungua. Niliweza kushika kalamu, kufinya bugali na kulitoboa tonge kwa kidole gumba ili libebe mchuzi, kama mtu mwingine yeyote. Kilichonishinda ni kulipandisha. Kiwiko hakikukunjika na bega halikuinuka. Mkono ulining'inia ubavuni kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini, na mwisho wake kikawapo kiganja chenye nguvu zake zote, kimeshika chakula kisichofika popote.

Namshukuru Mungu kwa kila kitu kilichofuata, na nitamshukuru tena kabla sijamaliza kuandika. Lakini kumshukuru Mungu hakunizuii kusema kwamba viumbe wake walinichosha.

Ilitokea bandarini Kalemie, mwanzoni mwa miaka ya Zaire, siku zile tulipokuwa bado tunajikwaa ulimi tukiitana sitwayeni, yaani raia. Ndugu wa mke wangu, shemeji yangu, alikuwa akileta chumvi kutoka Kigoma. Siku hiyo aliniomba nifuatane naye kwa sababu karani wa forodha alikuwa amewahi kusoma Kurani kwangu chuoni, na shemeji aliamini kwamba mtu hawezi kumsumbua mwenye mzigo mbele ya mwalimu wake. Nilisimama mahali aliponiambia nisimame. Wavu wa winchi ulipita juu yetu ukiyumba, na gunia moja la chumvi likachomoka. Lilinipiga kati ya shingo na bega. Kichwa kilikwenda upande wake na bega likaenda upande wake.

Nilipoinuka, watu walinipapasa wakakuta hakuna mfupa uliovunjika. Wakasema alhamdulillahi, nami nikasema alhamdulillahi. Shemeji alilia machozi. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, na jioni mke wangu aliponiwekea maji ya kunawa niligundua kwamba mkono haukuja.

Wakanipeleka kwa fundi wa mifupa. Alinikanda wiki tatu kwa mafuta ya mawese na majani, akiuvuta mkono kana kwamba anakamua nguo, kisha akatangaza kwamba mfupa umerudi mahali pake. Nilimwambia kwamba mfupa haukuwa umekwenda mahali popote. Akasema wagonjwa wasomi ndio wagumu kuponya.

Sasa nieleze kuhusu kula, kwa sababu hilo ndilo lililonitesa kuliko maumivu. Sisi hula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi zake nyingine, na kila mtoto wa nyumba zetu za ziwani analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Naijua hukumu ya sheria: mgonjwa amesamehewa, na mwenye udhuru anakula kwa mkono alio nao. Niliwafundisha wengine hukumu hiyo kwa sauti ya uhakika kabisa. Lakini nilipoinua mkono wangu wa kushoto na tonge, mdomo ulijifunga wenyewe. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nje nikakaa.

Basi mke wangu akanilisha. Alikuwa mke mwema, Mungu amrehemu, na alikuwa mtu wa maneno. Alinishikia tonge mbele ya mdomo, na papo hapo akakumbuka jambo la samaki la kumwambia jirani ng'ambo ya ukuta.

"Mama, ule mukebuka wa jana njo ulikuwa unaoza au pua yangu tu?"

Jirani alijibu, na yeye akajibu jibu, na tonge likabaki hewani. Nilikaa mdomo wazi kama ndege kiotani. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nilikuwa na wanafunzi sitini.

"Mke wangu," nilisema, "tonge."

"Ninalo. Kwani limekimbia?"

Nyumbani nilivumilia. Lakini kwenye arusi, kwenye matanga na kwenye Maulidi, wanaume wetu huzunguka sinia moja, sita au saba, magoti yakigusana. Nisingeweza kumleta mke wangu kati ya wanaume aje kunilisha. Nikawa nasema nimekwisha kula. Nilikaa karibu na mlango, penye viatu, nikinusa pilau la watu, na kila mmoja aliyepita alinisalimu kwa sauti ile ya chini ambayo watu huitumia kwenye nyumba ya msiba. Shemeji yangu hakunisalimu kabisa. Tangu siku ya gunia alikuwa akiniletea samaki mlangoni na kuondoka kabla sijatoka. Mtu huyu tulikuwa tumekula naye sinia moja tangu siku niliyomwoa dada yake.

Nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka kubeba mzigo wala kuinua mkono juu ya kichwa. Nilitaka kukaa kwenye sinia tena na kujilisha.

Mwezi wa nne tangu siku ya gunia alikuja daktari kutoka Lubumbashi kuangalia miguu ya watoto waliopooza. Alikuwa mzungu, mrefu, mwenye haraka. Muuguzi mmoja wa hospitali, Mkristo wa Manono, alikuwa ananifahamu, akanipenyeza mwisho wa mstari wa watoto. Daktari alinichoma sindano hapa na pale, akauliza wapi nasikia na wapi sisikii, akaniambia nikunje, nisikunje, nisukume. Alizungumza Kifaransa na muuguzi akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Papa Mwalimu, munganga anasema mishipa ya fahamu inatoka kwa shingo sawa nyuzi. Yako mbili imeng'oka kule kule kwa shina."

"Basi aishone."

Daktari aliposikia alitikisa kichwa. Alichukua kipande cha uzi wa kushonea, akanionyesha: uzi ukikatika katikati unaweza kuunganisha ncha kwa ncha, lakini uliong'oka ukutani hauna ncha ya pili. Ndipo akasema jambo ambalo muuguzi alimtaka alirudie mara mbili kabla ya kunigeuzia, kwa kuwa hakuliamini.

"Anasema atakata mishipa ingine, ya hapa kwa mbavu. Ile inafanya kazi ya kupumua. Anasema uko nayo mingi, tatu ikitoka hautakosa pumzi. Ataileta ku mukono, ataiunga na mushipa wa ile nyama yenye kukunja kiwiko."

"Mkono wangu utakuwa unapumua?"

Muuguzi aliuliza. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

"Anasema mwanzoni, ndiyo. Ukivuta pumzi, mukono utapanda. Kisha kichwa kitajifunza. Anasema kwao imeanza juzi juzi tu, na yeye ameona watu wachache. Wengine ilikubali, wengine ilikataa."

Daktari aliniuliza kazi yangu. Nikasema nasomesha Kurani. Aliuliza naweza kusoma kwa muda gani kwa pumzi moja. Nikavuta pumzi nikamsomea aya ndefu bila kukata, na yeye akaangalia saa yake. Nilipomaliza, muuguzi wangu Mkristo akasema "Amina" kwa sauti, kisha akaona haya.

"Anasema kifua kama hiki njo anatafuta," alinigeuzia. "Uende Lubumbashi mwezi huu. Isipite nusu mwaka tangu siku ya gunia. Ikipita, ile nyama ya mukono itakufa, na mushipa hata ukifika utakuta nyumba tupu."

Nilirudi nyumbani nikawaeleza wote neno kwa neno. Nilisema: mkono wa juu hausikii, msiuguse, msiupashe moto, msiuvute. Nilisema mara ngapi! Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mama aliyekuwa amenibeba mgongoni, alikuwa amekaa hapo hapo akiitikia kwa kichwa.

Siku mbili kabla ya treni alikuja na sufuria la maji ya chumvi.

"Mwanangu, chumvi njo ilikupiga, chumvi njo itakutoa."

"Shangazi, daktari amekataza."

"Daktari amekataza moto. Haya ni maji."

Mtu anaweza kubishana na karani wa forodha, lakini si na mwanamke aliyemwogesha akiwa mchanga. Niligeuza uso nikamwacha aweke kitambaa chake, nikiwaza habari za safari. Alikuwa akiniuliza, "Yanaunguza?" nami nikijibu, "Hapana," kwa sababu kweli sikusikia kitu. Akaongeza ya moto zaidi, akaniuliza tena, nikajibu tena. Ni mke wangu aliyeingia, akaona ngozi ya mkono wangu imeinuka malengelenge toka begani mpaka karibu na kiwiko, akapiga kelele. Shangazi alitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Lakini nilikuuliza!"

Nimekaa na neno hilo miaka mingi. Aliniuliza, kweli, nami nikamjibu kweli. Mwalimu mzima aliyewakataza watu kuushika mkono usiosikia ndiye aliyekaa kitako akauachia mkono huo huo useme kama maji yanaunguza.

Treni ya Kalemie ilikuwa na tabia yake. Siku ya kwanza tulisimama, siku ya pili tulitembea, Kabalo tukangoja kichwa kingine cha treni, na kidonda kikaanza kunuka. Lubumbashi daktari alifungua bandeji, akasema maneno ambayo safari hii hakukuwa na mtu wa kunigeuzia, na sikumhitaji. Hakuweza kupasua pembeni ya usaha. Nililala wodini wiki tatu nikingoja ngozi ipone, huku nikihesabu siku za ile nusu mwaka kwa tasbihi. Kila asubuhi daktari alikuja, akakitazama kidonda, akanyoosha vidole viwili kunionyesha siku mbili zaidi, akaondoka. Niliswali nimelala. Nilimwomba Mungu aniponyeshe kidonda na, kusema ukweli, nilimwomba pia anipe njia ya kumsamehe shangazi kabla sijarudi nyumbani. La kwanza lilikuja mapema kuliko la pili.

Walinipasua siku kumi na moja kabla ya nusu mwaka kutimia. Nilipoamka nilikuwa na mshono kifuani chini ya chuchu, unaokwenda kwapani na kushuka upande wa ndani wa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umefungwa kifuani kwa bandeji pana kama mtoto mchanga, na ukakaa hivyo wiki sita. Nilipovuta pumzi ubavu uliuma. Niliutazama mkono. Haukufanya kitu.

"Mshipa unakua pole pole, unene wa ukucha kwa siku," daktari alisema kupitia kwa mtawa mmoja aliyejua Kiswahili. "Una safari kutoka kwapani mpaka kwenye nyama. Mwezi wa tano, wa sita, utaona kitu kinaruka. Usipoona mpaka mwaka uishe, basi."

Nilimwuliza nifanye nini katika miezi hiyo mitano.

"Vuta pumzi," alisema, "na uufikirie mkono."

Haya ni maneno mepesi kumwambia mtu hospitalini. Nenda kayaeleze Kalemie. Kila siku baada ya alfajiri nilikaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, nikavuta pumzi mara mia na kuufikiria mkono. Ukuta wetu ulikuwa mfupi. Kila aliyepita kwenda sokoni alisimama.

"Mwalimu, hujambo? Bado?"

"Bado."

"Unafanya nini sasa?"

"Napumua."

"Aa. Sisi pia."

Wengine walinishauri niende Moba kwa mtu fulani, au Ankoro kwa mtu mwingine ambaye hukata ngozi kwa wembe na kutia dawa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba wazungu wamechukua mishipa yangu mizuri ya mbavuni wakaipeleka kwao, wakanishona tupu. Nilimwuliza waende nayo wapi, mshipa wa ubavu wa mwalimu wa chuo. Akasema yeye si mzungu, angejuaje. Shangazi alikuja kila siku pia. Alikaa mbali, mikono mapajani, hakuleta hata kikombe cha chai ya moto. Nilimwona akizeeka pale kwenye mkeka, na ndipo ile dua ya pili ilipojibiwa. Nilimwambia aniletee chai. Aliileta ikiwa baridi kabisa, nikainywa.

Mwezi wa tano ukaisha. Wa sita ukaisha. Kabla ya kulala mke wangu alikuwa akiweka kiganja chake juu ya nyama ya mkono wangu nami nikavuta pumzi, na yeye akasema, "Labda," kwa kuwa hakutaka kusema hapana. Nilianza kulichukia neno hilo.

Kisha mchana mmoja, mwezi wa saba, alikuwa akinilisha sombe, yaani kisamvu, yenye pilipili, mkono wake mmoja ukishika tonge na wa pili ukinishika mkono wangu mbovu usimwage bakuli. Alikuwa, kama kawaida, anasema na jirani. Tonge liliingia vibaya, pilipili ikanipanda puani, nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Mke wangu akanyamaza katikati ya sentensi. Hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Kohoa tena," alisema.

"Nini?"

"Kohoa tena, baba watoto, nakuomba!"

Nikakohoa. Chini ya vidole vyake nyama ya mkono iliruka, kidogo, kama samaki ndagala anapogusa wavu. Niliiona kwa macho yangu. Tulikaa pale tukikohoa na kucheka mpaka jirani akauliza kama tuletewe maji. Nilisujudu papo hapo nikiwa na sombe kwenye ndevu.

Tangu hapo kitu kilikwenda kikiongezeka. Mwezi wa tisa kiwiko kilipinda kidogo kila nilipovuta pumzi ndefu. Mwezi wa kumi na moja kiganja kilifika kifuani. Ningeomba msomaji afikirie maisha hayo. Nikipiga miayo, mkono unapanda. Nikipiga chafya, unanipiga. Nilipokuwa nawakemea wanafunzi, nilivuta pumzi ili nikemee na mkono ukainuka, nao wakainama wakidhani nachapa.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Imamu wetu alikuwa amekwenda Kigoma kwa msiba, wakaniomba niongoze tarawehe. Nilikubali kwa furaha. Nilisahau kabisa kwamba watu safu nzima wangekuwa nyuma yangu wakinitazama. Kwa udhuru wangu nilikuwa nimeuachia mkono ukining'inia. Nikavuta pumzi kuanza kusoma, na mkono ukapanda wenyewe mpaka kifuani. Nikasoma, pumzi ikaisha, ukashuka. Nikavuta nyingine, ukapanda. Rakaa ishirini.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na chupa za maji mlangoni kwangu.

Habari ilikuwa imekwisha pita mji mzima: mkono wa mwalimu umekufa, na ukisikia Kurani unafufuka. Walikuja mama na watoto wenye homa. Walikuja Wakristo pia. "Papa Mwalimu, pulizia tu kidogo, Mungu ni mmoja." Alikuja mtu na pikipiki yake isiyowaka. Na kwa kuwa hakuna habari isiyo na nduguye, kundi jingine lilisema ni jini la ziwani ndilo limeukalia mkono, na kwamba gunia lile halikuanguka bure.

Niliamua kuwaeleza. Baada ya swala ya adhuhuri niliwakalisha, nikavua kanzu hadi kiunoni, mimi mtu wa makamo, nikawaonyesha mshono.

"Hii ndiyo njia ya mshipa. Ulitoka hapa, ubavuni, ukapita hapa, ukafika hapa. Kazi yake ilikuwa kupumua, na bado unafikiri unapumua. Tazameni." Nilivuta pumzi bila kutamka neno, mkono ukapanda. "Sijasoma kitu. Sasa nasoma." Nikasoma kwa kutoa pumzi pole pole, mkono ukashuka. "Mnaona? Nikisoma unashuka! Ni pumzi tu."

Walitazamana. Mzee mmoja mbele, jirani wa marehemu baba, alitikisa kichwa kwa mapenzi.

"Ona jinsi anavyonyenyekea," aliwaambia wenzake.

"Mzee wangu, si unyenyekevu, ni ubavu!"

"Na ubavu aliuumba nani?"

Hapo alikuwa na haki. Akanisogezea chupa yake.

Wakati huo wote, nyumbani nilikuwa na kazi yangu ya siri. Mkono ulifika mdomoni ikiwa nimevuta pumzi na kuishika. Lakini jaribu wewe kutafuna na kumeza huku umeshika pumzi. Ukitoa pumzi kumeza, mkono unaanguka na kukwangua kidevu. Mke wangu aliketi mbele yangu kila mlo akiniongoza kama nahodha: "Vuta! Shika! Fungua mdomo! Sasa achia!" Tonge la kwanza lilikwenda puani. La pili sikioni, sijui vipi. Kidogo kidogo, kama daktari alivyosema, kichwa kilianza kujifunza kuutuma mkono bila kukiambia kifua. Si siku zote. Nilipochoka au nilipotazamwa, kifua kilidai kazi yake. Lakini ilifika siku nilikula bakuli zima mwenyewe, na mke wangu akakaa bila kazi, akasema hajui mikono yake aiweke wapi.

Nikasubiri Maulidi.

Siku ilipofika nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikatawadha, nikasoma pamoja na wenzangu mpaka mwisho. Masinia ya pilau yakaanza kutoka. Nilinawa, mkono wa kulia, taratibu, nikifurahia kila kidole. Nikaona nafasi kwenye sinia la tatu. Nikaanza kwenda.

"Hapa, Mwalimu! Hapa ni pako."

Walikuwa wameniwekea kiti. Mbele ya kiti palikuwa na meza ndogo, juu yake sahani moja imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, na kijiko. Waandalizi wa sherehe walisimama pande mbili wakitabasamu. Nikauliza ni nini.

"Ni heshima, Mwalimu. Mkono kama huo hauwezi kuingia sinia moja na yetu."

Nyuma yao nilimsikia mwingine akinong'ona kwamba na wenye hofu ya jini nao watakula kwa amani.

Nakiri kwamba sijawahi kuinua sauti msikitini kabla ya siku hiyo wala baada yake, na nimekwisha mwomba Mungu msamaha. "Nimepasuliwa ubavu!" nilisema. "Nimepumua ukutani mwaka mzima kama mvuvi aliyeokolewa majini! Mnadhani nilifanya hayo ili nikae kwenye kiti na kijiko?" Na kwa kuwa nilikuwa nimevuta pumzi kubwa ya hasira, mkono ulipanda ukawaelekea, nao wakarudi hatua mbili.

Kwenye sinia la tatu mtu alisogea. Alikuwa shemeji yangu, ambaye sikuwa nimeuona uso wake vizuri tangu siku ya bandari.

"Mpisheni," alisema, bila kuniangalia. "Mnamwekea kijiko, yeye ni mzungu wa reli? Njoo, shemeji. Pilau linapoa."

Nikakaa. Magoti yakagusana. Nikatia mkono, nikakusanya wali na kitunguu, nikaufinya. Nikainua macho nikakuta watu watano wameacha kutafuna, wanatazama kiwiko changu.

"Kuleni!" nilisema, na neno hilo likamaliza pumzi yangu yote. Mkono ukaanguka. Tonge zima likatua kwenye kanzu nyeupe ya shemeji.

Shemeji alitazama doa la mafuta juu ya paja lake, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Lako jepesi kuliko gunia langu," alisema.

Tulicheka wote, mimi zaidi, na kicheko kikaurusha mkono tena, wakacheka upya, na shemeji akafuta macho yake kwa mgongo wa kiganja akisema ni pilipili. Halafu mazungumzo yakahamia bei ya mikebuka na mambo ya treni, na watu wakarudi kula. Hapo, pasipo mtu kunitazama, nikafinya tonge la pili. Nikavuta pumzi kidogo tu. Kiwiko kikakunjika, wali ukafika, nikafunga mdomo juu yake, nikatafuna polepole nikimshukuru Mungu aliyeumba ubavu, akamwumba na daktari mwenye kuujua uzi wa kushonea.

Nilipomeza na kushusha macho, kile kipande cha nyama chenye mafuta nilichokuwa nimekiwekea jicho upande wangu wa sinia kilikuwa kimekwenda. Nikalalamika kwa sauti. Hakuna aliyenijibu. Walikuwa wanakula.